Mibaazi ya Mpakani

Ukitaka kujua kiwanja cha kwetu kinaishia wapi na cha jirani kinaanzia wapi, ulitazama mibaazi. Ukuta haukuwapo, senyenge haikuwapo, na nguzo za saruji tuliziona mjini tu, kwenye nyumba za serikali. Kulikuwa na safu ya mibaazi iliyompita mtu mzima kimo, yenye matawi membamba yanayoinama kila upepo unapopita. Bibi yangu alipanda upande huu, jirani akapanda upande ule, na baada ya misimu michache hakuna aliyeweza kusema mche upi ni wa nani. Nazungumzia bonde la Lukuledi, karibu na Mtama, kwenye barabara ya kutoka Lindi kwenda Masasi, miaka ya 1960. Kunywa chai yako, ndugu yangu, maana habari hii ina kona nyingi.

Mbaazi ni mti usio na haraka. Tuliupanda Desemba, mvua zikianza, pamoja na mahindi. Mahindi yalikimbia, yakatoa mbelewele, yakabeba, yakavunwa, na muda wote huo mbaazi ulikuwa pale chini, mwembamba, kama mtoto aliyekaa kimya wakubwa wakizungumza. Mabua yakishaondolewa ndipo ulipoamka. Ukifika mwezi wa sita, siku zimekuwa fupi na kipupwe kinavuma, safu nzima iligeuka manjano. Ua la mbaazi ukiliangalia kwa mbali ni la manjano tupu, lakini likamate, uligeuze, utaona mgongoni mistari myekundu iliyochorwa kwa mkono mwepesi. Nyuki walijaa humo tangu jua linapochomoza, na wale weusi wakubwa wanaotoboa nguzo za nyumba, wenye mlio mzito, nao walikuja. Nikiwa nimelala kwenye mkeka barazani niliwasikia wakinguruma, na harufu ya majani, ile harufu kali kidogo inayobaki vidoleni ukiyafikicha, iliingia mpaka ndani.

Bwana shamba alikuja siku moja na baiskeli yake, akang'oa mche mmoja mchanga mbele yetu, akatuonyesha vinundu vidogo kwenye mizizi. Sisi watoto tulidhani mti unaumwa. Akatueleza kuwa ndani ya vinundu vile mna vijidudu vinavyokamata hewa na kuigeuza kuwa mbolea, na kwamba mzizi wenyewe unashuka chini sana kutafuta maji, ndiyo maana mbaazi unabaki kijani wakati kila kitu kimekauka. Tulimsikiliza kwa makini. Bibi naye alimsikiliza, kisha akaomba aurudishe ule mche ardhini, na bwana shamba, mtu muungwana, akapiga magoti akaupanda upya.

Nilikuwa na mjomba aliyekuwa fundi wa baiskeli. Baiskeli ikipelekwa kwake Jumatatu, Ijumaa ilikuwa bado imeegeshwa magurudumu juu, na sababu haikukosekana: gundi imekauka, pampu imeazimwa, jua kali limelegeza tairi. Bibi alikuwa na jibu moja tu: "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Mwaka mmoja ikatokea kweli, mibaazi yetu ikatoa maua machache mno, na mjomba akapata nafasi yake. Akasimama mpakani, mikono kiunoni, akaita, "Mama, vipi mwaka huu? Tumwulize nani?" Bibi akaendelea kupepeta ungo wake, akasema, "Mwaka huu jua lenyewe limekubali kosa." Jirani alicheka upande wa pili mpaka akakaa chini.

Kabla hazijakomaa, mbaazi mbichi zilikuwa chakula chetu cha njiani. Zilichemshwa na maganda yake, maji na chumvi tu, chungu kimefunikwa majani ya mgomba. Unashika ganda kwa ncha mbili, unalivuta kwa meno, mbaazi nne au tano zinabaki kinywani, na ganda unalitupa kwa mbuzi aliyekwisha kukusubiri. Mikono ilinata, kwa sababu ganda bichi la mbaazi lina utomvu, na vumbi la Julai lilishika juu ya utomvu ule mpaka vidole vikawa vyeusi. Tulipotumwa kuzichuma tulirudi na nusu ya kikapu, na Bibi hakuuliza nusu nyingine imekwenda wapi.

Mbaazi mbichi hazikuuzwa. Nalisema hili taratibu ili ulisikie vizuri. Mahindi yaliuzwa, ufuta uliuzwa, korosho ndizo hasa zilizoleta fedha, lakini mbaazi mbichi za mpakani zilikuwa za kupeana. Watu waliokuwa wakipita kwa miguu kwenda hospitali ya Nyangao, mgonjwa na wanaomuuguza, walisimama kivulini pale, wakachuma, wakatafuna, wakaendelea na safari. Sheria ilikuwa moja tu, na hakuna aliyeiandika: chuma kwa kiganja, usichume kwa gunia. Akionekana mtu na gunia, hapo hata bibi yangu mpole alipaza sauti.

Zikikauka, kazi ilibadilika. Miti ilikatwa au kupunguzwa matawi, mafungu yakalazwa kwenye uwanja uliosilibwa udongo, na jua la Septemba likafanya kazi yake. Mchana, wakati wa joto kali, ulisikia maganda yakipasuka yenyewe, ta, ta, ta, huku na huku. Kisha tukapiga kwa fimbo. Mama zangu watatu wakipiga kwa zamu, wimbo uliongoza fimbo na fimbo ikajibu wimbo, na mbaazi ziliruka mpaka miguuni mwa kuku. Baadaye ungo: mbaazi zinashuka, makapi yanachukuliwa na upepo, na mwisho ni ule mlio wa punje safi zikizungushwa kwenye ungo, ambao nikiusikia leo hata redioni nitajua ni mbaazi na si maharage. Ziliwekwa kwenye kilindo cha gome la mti, zikachanganywa na majivu ili wadudu wasizibungue. Wadudu hawakushindwa kabisa. Bibi alizitenga zilizotobolewa, akaziangalia kwa huruma, akawapa kuku.

Hata miti yake haikutupwa. Vijiti vya mbaazi vikavu hushika moto upesi kuliko kuni yoyote ninayoijua, na chai ya asubuhi ilichemka kabla watoto hawajamaliza kupiga mswaki. Bafu la uani lilizungushiwa fito za mbaazi, na aliyeoga mle alinukia moshi na majani.

Sasa tuje jikoni, maana najua ulikuwa unangoja. Mbaazi kavu zinalowekwa usiku. Asubuhi zinatelekwa kwenye chungu cha udongo, moto wa wastani, hakuna chumvi mpaka ziive. Kwetu nazi zilikuwa za kununua, zililetwa kutoka Mingoyo na huko pwani, kwa hiyo siku nyingi tulizipwaza tu, au tukaziunga kwa karanga zilizotwangwa. Lakini nazi ikipatikana, nyumba nzima ilijua, kwa sababu mlio wa mbuzi ya kukunia nazi hausitiriki. Kwanza tui jepesi, mbaazi zichemke humo na kitunguu na bizari kidogo. Kisha tui zito, na hapo mpishi haruhusiwi kuondoka: anakoroga, anateka kwa upawa na kumimina, anateka na kumimina, ili tui lisikatike. Mwishoni pilipili mbichi moja, nzima, inaelea juu bila kupasuliwa. Ugali wa muhogo pembeni, mweupe, unaovutika. Tulikula kwa sinia moja na kila mkono ulijua mpaka wake, isipokuwa wa binamu yangu mmoja ambaye mkono wake ulisafiri sana.

Mtama palikuwa na duka la Muhindi, na nyuma ya duka ilikuwa nyumba yao. Alinunua mbaazi kavu kwa mzani wa vijiwe, magunia yakapangwa mpaka darini. Siku moja nilitumwa na bibi kupeleka mayai, na mama wa nyumba ile, mwenye bangili zinazolia kila anapogeuka, akanikaribisha jikoni akaniwekea wali na mchuzi wa manjano. Aliumalizia kwa samli iliyochemka na punje za bizari nyembamba, zikarindima zilipogusa mchuzi, harufu ikajaa chumbani. Nikamuuliza ni kitu gani. Akacheka, akaniita ghalani, akachota kiganja cha mbaazi kutoka gunia ambalo huenda lilitoka kwetu, akanionyesha nyingine zilizokobolewa na kupasuliwa katikati, za manjano. Nilirudi nyumbani nikamwambia Bibi kuwa Wahindi wanazivua mbaazi nguo. Alifurahi sana. Mbaazi asili yake ni huko India, ulivuka bahari karne nyingi zilizopita, lakini Bibi angekataa kata kata kuwa uliwahi kuwa wa mtu mwingine.

Kisha vikaja vijiji vya ujamaa. Kwetu Kusini vilitangulia kuliko sehemu nyingi za nchi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wengi walikuwa wamekwisha kuhama. Tulibeba milango, vinu, mitungi, kuku wamefungwa miguu, hata mawe ya mafiga. Mibaazi haibebeki. Ilibaki kule mahame, peke yake, mstari ulionyooka baina ya nyumba mbili zisizokuwapo tena. Na kwa kuwa mbaazi ukiachwa huishi miaka mitatu, minne, hata zaidi, mwezi wa sita ulipofika ukatoa maua kama kawaida.

Bibi alitupeleka kuchuma. Ilikuwa mwendo mrefu kutoka kijiji kipya, na nilidhani tunafuata chakula. Tulipofika tulimkuta bibi jirani amekwisha kufika, kikapu chake kiko chini, yeye amesimama upande wake wa mpaka. Kule kijijini walikuwa wamepangiwa viwanja mbalimbali kabisa, mmoja mwanzo wa barabara, mwingine mwisho karibu na kisima, na katika umri ule haikuwa rahisi kutembeleana kila siku. Pale mahame walirudi mahali pao. Kila mmoja alichuma upande wake wakizungumza kupitia matawini, vile vile kama zamani, habari za wajukuu, za magoti, za aliyefariki. Kuna wakati mmoja alinyoosha mkono akampa mwenzake mbaazi alizochuma, na mwenzake akampa za kwake, na mimi mtoto nikashindwa kuelewa faida ya biashara ile. Kazi ya asubuhi moja waliifanya mpaka alasiri. Walikutana hivyo msimu baada ya msimu, mpaka mibaazi ikazeeka, ikatoa maua haba, ikakauka kuanzia juu.

Katika kijiji kipya walipanda tena, kila mtu kwenye mpaka wa kiwanja alichopewa. Ilishika vizuri. Lakini mpaka mpya ulikuwa na watu wapya, na ilichukua muda kabla mtu hajathubutu kuchuma upande wa mwenzake bila kupiga hodi.

Nilipohamia Dar es Salaam kwa kazi, mbaazi zilinifuata. Miaka ile ya baada ya vita vya Kagera, wakati sukari ilikuwa ya foleni na tunakula ugali wa yanga, yule wa unga wa njano, kifurushi kutoka nyumbani kilikuwa sikukuu. Basi lilitoka Lindi, likavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na mvua zikizidi liliweza kulala njiani hata siku kadhaa. Daraja la Mkapa halikuwapo hata kwenye ndoto zetu, lilifunguliwa 2003. Mfuko ulifika una vumbi la barabara yote, ndani mbaazi na majivu yake, na juu kabisa Bibi ameweka ganda moja bichi, ambalo lilikuwa limekauka likiwa safarini. Nilichemsha sufuria kubwa, harufu ikashuka ngazi, na majirani wa ghorofa nisiojua hata majina yao walipita "kuulizia saa".

Mpaka wa Kenya ulipofunguliwa tena mwishoni mwa 1983, baada ya kufungwa tangu 1977, nilikwenda Mombasa kumwona shangazi aliyeolewa Kibokoni. Alfajiri, baada tu ya sala, nilishtushwa na harufu ya iliki na mafuta ya moto. Kinamama walikuwa milangoni mwao na makarai, mahamri yanavimba na kugeuzwa, na kando sufuria la mbaazi za nazi, nzito, nyeupe, zinapwita polepole. Watoto walipanga mstari na mabakuli kutoka majumbani. Nilimwambia shangazi kuwa kwetu mbaazi ni kitoweo cha ugali, hatuzili na chai. Akaniangalia kwa masikitiko ya kweli. "Mwala nini asubuhi, mwanangu?" Nikasema muhogo wa kuchemsha. Akanisogezea sahani ya pili. Nikachana hamri, likatoa mvuke, nikachota mbaazi, na tangu siku ile nakubali kuwa watu wa Mombasa wametuzidi katika jambo hili. Sokoni Marikiti nikawakuta akina mama wa Kikamba wakimenya mbaazi mbichi kwa kasi ya ajabu bila kuangalia vidole, wanaziita nzuu, na wakaniachia nionje mbichi kabisa, tamu. Nikaona kumbe jamaa zetu ni wengi.

Mambo yalibadilika pole pole, kisha ghafla. Zilikuja mbegu mpya kutoka kwa watafiti, zenye majina ya kutia moyo: Komboa, inayokomaa mapema, Mali, inayostahimili mnyauko, ule ugonjwa unaokaa udongoni na kukausha shamba zima, na Tumia. Kazi yao naiheshimu, maana nimeona safu ya mibaazi ikinyauka ndani ya wiki chache na mwenye shamba amesimama hana la kufanya. Lakini mbaazi ulihama kutoka mpakani ukaenda shambani, ekari kwa ekari, na macho ya kila mtu yakageukia India. Ukame ulipoikumba India na bei ikaruka kule, 2015, mtoto wa dada yangu alifyeka sehemu kubwa ya pori lake akapanda mbaazi. Msimu huo alinunua bati. Nilikwenda kuiona nyumba, nikashangilia pamoja nao, na sitasema kamwe kuwa bati si kitu.

Halafu India wakavuna sana, na Agosti 2017 wakaweka ukomo wa mbaazi za kuingia: tani 200,000 kwa mwaka kutoka nje. Ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji walikuwa na makubaliano yao tangu 2016, za kwao zikaendelea kupita. Kwetu bei ilianguka wakati magunia yamekwisha kushonwa. Kijana alinipigia simu usiku, akasema, "Mama mdogo, mbaazi zipo, mnunuzi hayupo." Nikamwambia mzipike. Akanyamaza kidogo, akasema watoto wamezoea maharage ya kununua, mke wake kakulia mjini, na vyungu vilikwisha kuvunjika. Hilo ndilo lililoniuma kuliko bei. Ghala limejaa chakula na nyumba haijui kukila.

India walifungua tena 2021, bei ikapanda, na sasa mbaazi zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, mnada, namba zinasomwa kwenye simu. Kijana amepona. Safari yangu ya mwisho nilimkuta mkwe wangu, yule yule aliyekulia mjini, ameacha safu moja ya mibaazi nyuma ya jiko, mirefu, ya mbegu ya zamani, aliyoipata kwa bibi mmoja wa Nyangao. Mumewe alitaka zivunwe zijazie gunia la mwisho la mnada. Alikatazwa. "Hizo hazina kilo," mkwe alimwambia, "hizo ni za wageni." Akanichemshia na maganda yake, tukala tumesimama, mtoto wa jirani akaja akachuma kwa kiganja, hakuna aliyemuuliza.

Akanifungia nyingine kavu kwenye mfuko. Stendi, kondakta alinyanyua ule mfuko, akautikisa sikioni, akadai nauli ya mzigo. Nikamuuliza mfuko mdogo hivi nauli ya nini. Hakujibu, alikuwa bado anausikiliza. "Bibi, hizi si mbaazi ndefu za kienyeji? Mama yangu ana miaka anazitafuta mbegu." Nikaufungua. Nikamtilia kiganja kimoja kwenye kofia yake, akaangalia kofia, akaniangalia, nikamtilia na cha pili. "Mwambie apande mpakani," nikasema, na abiria wa nyuma naye akanyoosha bahasha.